Mama hanywi pombe lakini ini linasoma vibaya? Kapimeni na moyo

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umeandika kwamba mama ana miaka 64, pombe hajawahi kuonja, homa ya ini B na C zimesoma hasi, lakini vipimo vya ini viko juu, miguu inavimba, na shangazi anataka aanze dawa ya kusafisha ini. Mimi si daktari, nalima mpunga huku Dakawa. Ila hayo ndiyo tuliyopitia na mzee wangu mwaka 2021, na tulipoteza miezi minne kwa ujuaji wetu.

Mzee alikuwa na presha ya siku nyingi, dawa anameza akijisikia. Akaanza kulalamika tumbo limejaa, chini ya mbavu za kulia panauma, akila matonge mawili ameshiba. Hospitali ya kwanza wakapima ini: ALT, kipimo cha damu kinachopanda seli za ini zikiumia, ilisoma 118, na macho yana unjano kwa mbali. Tukaambiwa ini limeharibika. Basi ukoo mzima ukageuka madaktari, mizizi ikachemshwa asubuhi na jioni. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mzee siku hizi analalia mito mitatu ndipo apate kuhema.

Daktari aliyetufumbua macho wala hakuanza na makaratasi. Alimlaza mzee kitanda kikiwa kimeinuliwa kidogo, akamkandamiza taratibu chini ya mbavu za kulia, akaniambia, "Kijana, tazama shingo." Mshipa wa shingoni ukatuna kama kamba, ukabaki hivyo mpaka alipotoa mkono. Kisha akabonyeza muundi kwa dole gumba. Pakabaki shimo. Akasema ini la mzee limefurika, ila mkosaji ni moyo. Eko, yaani ultrasound ya moyo, ikaonyesha kila pigo moyo unatoa asilimia 25 tu ya damu iliyomo, wakati moyo wenye afya hutoa 55 na zaidi.

Alivyonieleza, mimi nilielewa kwa majaruba. Ini hupata kama robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Lakini robo tatu ya damu hiyo inapitia kwanza kwenye utumbo, kwa hiyo inafika ikiwa imebeba chakula kingi na oksijeni pungufu. Ateri ya ini, mshipa unaoleta damu safi kutoka moyoni, inaleta robo iliyobaki, lakini ndiyo inayobeba karibu nusu ya oksijeni. Ndani ya ini damu inapita seli kwa seli kuelekea kwenye mshipa wa kutokea, na kila seli inachota. Zile za mwishoni ni jaruba la mwisho kwenye mfereji: zinapata masazo. Sasa moyo ukichoka, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Maji yanayoingia mfereji yanapungua, na mtaro wa kutolea unaziba, kwa hiyo mafuriko yanarudi nyuma na kuanzia hapohapo kwenye jaruba la mwisho. Seli zile zinakosa hewa huku zimezama kwenye damu. Akaniambia ini la namna hiyo likikatwa linafanana na kungumanga iliyopasuliwa, madoa meusi na meupe. Nilirudi nyumbani nikapasua moja ya dada jikoni. Sijaisahau mpaka leo.

Nilichoshangaa zaidi ni tofauti ya hivi viungo viwili. Ini likipunguziwa damu, linajua kubana: linachota oksijeni zaidi kwenye kidogo kilichopo. Moyo hauna ujanja huo. Hata ukiwa umekaa kwenye kiti, unachukua asilimia 70 hivi ya oksijeni inayopita kwenye mishipa yake, kwa hiyo ukihitaji zaidi lazima upate damu zaidi. Tena chakula chake kikuu ni mafuta, ambayo hayaungui bila oksijeni, na akiba yake ya nguvu ni ya sekunde chache.

Mzee alipewa dawa za moyo na vidonge vya kukojoza. Siku tisa, kilo saba zikaondoka, yote maji. Ini halikupewa dawa yoyote. Baada ya miezi miwili ALT ilisoma 36. Ile mizizi daktari alituambia tuimwage, kwa sababu ini lililokosa hewa linashindwa kuchuja hata dawa za kawaida.

Kwa hiyo mkuu, kamwulizeni daktari kuhusu eko, na mwelezeni kama mama anahema akipanda ngazi au anaamka usiku kutafuta hewa. Sisemi ini lake ni zima. Kama ana kisukari au kitambi, anaweza kuwa na ini lenye mafuta kweli, lakini hata wenye tatizo hilo wanaokufa kwa moyo ni wengi kuliko wanaokufa kwa ini. Akianza kuchanganyikiwa, akapungukiwa mkojo au mikono ikawa ya baridi, msisubiri kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo. Damu ikipungua ghafla, namba za ini hupanda hadi maelfu ndani ya siku moja au mbili.

Mizani nunueni leo. Mzee anapima kila asubuhi akitoka chooni, kabla ya chai, na zikiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu ananipigia mimi kwanza, halafu anaanza kukataa kwamba alikula dagaa wa chumvi.