Semista ya kusi

Nyinyi mnaovuka Mokowe na masanduku yenu kwenda kuanza chuo, nawaandikia kwa sababu nami niliwahi kuvuka hapo nikirudi kwetu Amu, yaani Lamu, mwaka wa pili, bila kumuaga mtu.

Nyumbani walisema nimeshindwa na karo. Karo ilinielemea, kweli. Baba ni mvuvi. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, bahari huchafuka na siku za kutoka huwa chache, na semista ya Mei huangukia humo humo. Lakini kilichonitoa hasa ni kimya. Nilinyimwa kadi ya mtihani, nikaona haya, nikakosa kipindi kimoja, kisha wiki nzima. Nikimwona mwalimu nageuza njia. Hakuna siku niliyokaa nikaamua kuacha chuo.

Vincent Tinto, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika tangu 1975 kwamba mwanafunzi hubaki chuoni kadiri anavyoshikamana na masomo na watu wa pale. Mimi nilishikamana na Waamu wenzangu wanne tu, na wote kozi nyingine. Wiki ya kwanza tafuteni watu wa darasa lenu wa kusoma nao.

Kuhusu pesa: mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, huombwa upya kila mwaka. Wengi huomba mara moja wakadhani yamekwisha. Na fomu za basari ya kaunti na ya eneo bunge hutolewa huku nyumbani nyinyi mkiwa mbali, basi mwachieni mtu mnayemwamini nakala za kitambulisho, barua ya kujiunga na muundo wa karo.

Ikibidi kusimama, ombeni kwa barua kuahirisha masomo, na msiondoke kabla ya kupata jibu la maandishi. Nawasihi sana kwa hili. Mimi nilitoweka tu. Kurudi kulinigharimu mwaka mzima wa kupanda na kushuka ofisini, na masomo manne nikayaanza upya. Mwenzangu mmoja wa kike kutoka Faza aliandika ukurasa mmoja, akaenda akajifungua, akarudi. Alihitimu kabla yangu.

Barua hiyo nisingejua hata pa kuipeleka. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi tulioneshwa siku ya kwanza, nikapita. Nyinyi ingieni mapema, mkiwa hamna shida yoyote, msalimie, mtaje majina yenu na mtokako.