Wekeni kodi ya ofisi kwenye bajeti: kwa wanaoanza kuomba ruzuku

Tangu Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada ya nje, katikati ya 2025, simu yangu hainyamazi. Vikundi vya Likoni, Jomvu na Kisauni, hapa Mombasa, vilivyozoea kupata pesa kupitia shirika kubwa la Nairobi sasa vyaziandikia wakfu za nje (foundation) moja kwa moja, na vijana wananitumia maandiko ya kuomba ruzuku usiku nikayapitie kabla ya kukucha. Nayapitia, kwa sababu kazi yenu naijua na naipenda. Lakini kasoro ni zile zile, andiko baada ya andiko. Basi nayaandika hapa mara moja, msome nyote.

1. Msomeni mfadhili kabla ya kumwandikia. Wakfu ukisema haupokei maombi usiyoyaitisha, uaminini. Tafuteni anayefadhiliwa nao tayari awajulishe. Na wakfu binafsi za Marekani kila mwaka hujaza fomu ya kodi iitwayo 990-PF, ambayo iko wazi kwa umma, bure, mtandaoni. Mnaona humo nani kapewa na kapewa kiasi gani. Kama wakfu hutoa dola elfu kumi kumi, mbona mwauomba laki moja? Juzi kikundi kimoja kiliandika kurasa ishirini kwa wakfu ambao, kwa fomu zake wenyewe, haujapeleka pesa nje ya jimbo lake. Vijana wale walikesha. Roho iliniuma.

2. Acheni kuandika "kuwawezesha walio pembezoni kwa mbinu jumuishi". Semeni akina mama wanaouza samaki Mtongwe wananunua barafu kwa bei gani, na samaki wanaharibika siku gani.

3. Bajeti. Hapa nataka tukae.

Nikifungua bajeti zenu naona mafunzo, nauli, chai, fulana. Kodi ya ofisi siioni. Mshahara wa mhasibu siuoni. Stima, intaneti, ada ya mkaguzi wa hesabu, hakuna. Nikiuliza mwaniambia mfadhili anapenda pesa zote ziende kwa jamii. Sisi nasi katika kikundi chetu tuliamini hivyo, na yaliyotupata nitayasema yote.

Tulikuwa na masomo ya jioni kwa watoto wa Majengo. Wakfu mmoja wa Marekani ulitupa ruzuku ya mwaka, nusu mwanzo, nusu baada ya ripoti. Bajeti yetu ilikuwa vitabu, posho za walimu na uji, basi. Kodi ya chumba tungeilipa kwa michango ya wajumbe. Miezi ya mwanzo tukailipa. Kisha ikaja Idi, zikaja karo, michango ikakauka, na mwenye nyumba akaja na kufuli yake mkononi. Tukaita kikao. Tukakubaliana tuchukue kwenye fungu la vitabu, tutarudisha michango ikirejea. Mimi nilikuwa mmoja wa waliotia saini hundi ile. Michango haikurejea. Mwezi uliofuata tukachukua tena, na sasa hata kikao hatukuita. Kijana aliyekuwa akituandikia hesabu kwa kujitolea akapata kazi bandarini, akaondoka, risiti zikabaki ndani ya bahasha bila mpangilio.

Ripoti ya fedha ilipofika wakati wake, kodi tuliiingiza chini ya "vifaa vya masomo". Afisa wa wakfu akaomba risiti za vitabu. Tukazunguka zunguka kwa barua pepe, mwisho tukasema ukweli, tena tukiwa tumechelewa. Nusu ya pili haikuja. Walimu hawakulipwa. Watoto walikuwa wanakaribia mtihani, na mwalimu mmoja, Mungu amjaze kheri, aliendelea kuja kila jioni bila senti mpaka wakaumaliza. Afisa yule alitupigia simu baadaye, kwa upole kabisa, akatwambia mambo mawili: tungeiweka kodi kwenye bajeti tangu mwanzo, wangeilipa, na tungemwandikia hata mistari miwili kabla ya kuhamisha pesa, angetupa idhini. Mpaka leo maneno hayo ndiyo yanayoniuma kuliko ruzuku yenyewe.

Nanyi mjue kwa nini hawakuweza kufumba macho. Wakfu binafsi wa Marekani ukitoa ruzuku kwa shirika la nje ambalo halijathibitishwa kuwa sawa na shirika la hisani la kwao, sheria ya kodi inaulazimu ufuatilie pesa hizo mpaka mwisho, uhakikishe zimetumika kwa lengo lililoandikwa tu, upokee ripoti, na uieleze mamlaka ya kodi. Shirika likizitumia kwingine, wakfu usipochukua hatua waweza kutozwa kodi ya adhabu. Kwa hiyo fungu mlilolihamisha kimya kimya huku Majengo linamtia mashakani mtu aliyewatetea mezani kwake.

Gharama za uendeshaji basi, yaani kodi, mhasibu, stima na mfano wake, ziombeni kwa ujasiri. Tangu 2023 Ford Foundation hutoa angalau asilimia 25 kwa ajili hiyo juu ya gharama za mradi, na MacArthur Foundation ilipanda hadi asilimia 29 mwaka 2020. Wengine wana kikomo cha 10 au 15. Mtakiona kwenye mwongozo wao. Mkiacha sufuri hamuonekani waadilifu. Mwaonekana hamjui gharama ya kazi yenu.

4. Pigeni hesabu ya dola kwa tahadhari. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Aliyepanga kazi ya dola 10,000 kwa bei ya Januari alipungukiwa na shilingi laki tatu hivi bila kuiba wala kupoteza chochote. Tumieni bei ya chini kuliko ya siku hiyo na muandike mmetumia ipi.

5. Karatasi ziwe tayari kabla ya tangazo la ruzuku: cheti cha usajili ambacho hakijaisha muda, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), taarifa za benki, hesabu zilizokaguliwa. Mashirika yaliyosajiliwa chini ya sheria ya NGO ya 1990 yakumbuke kwamba Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Na vikundi vya mtaani vina sheria yao ya 2022. Jina kwenye cheti lifanane na jina la akaunti, herufi kwa herufi. Na kama mtia saini mmoja yuko Qatar, mbadilisheni sasa.

6. Mwisho wa kutuma ukiwa saa sita ya usiku ya New York, hiyo ni saa moja ya asubuhi kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa mbili wakati wao wa baridi. Hata hivyo tumeni siku mbili kabla.

7. Mkikataliwa, jibuni kwa shukrani siku hiyo hiyo na muulize kilichopungua. Wengi hawatajibu. Anayejibu akisema mjaribu mzunguko ujao, andikeni tarehe hiyo ukutani ofisini, na kando yake jina la mmoja wenu atakayeishika kazi hiyo.