Mfupa mnene usikudanganye: kwa mnaoanza kazi kliniki ya homoni

Wadogo zangu mnaoanza kazi, kuna mgonjwa mmoja ninayemkumbuka kila ninapomwona mtu mwenye viganja vipana. Alikuwa seremala, kifua kimejaa, vidole vinene, na tulikwisha jua ana akromegali. Alilalamika mgongo. Nikatazama kipimo cha DXA, eksirei ya kupima madini ya mfupa, alichofunga safari ndefu kukifanya, nikaona kiwango cha madini ya mifupa yake kiko sawa, nikamwandikia dawa ya maumivu na kumruhusu aendelee na mbao zake. Miezi kadhaa baadaye mwenzangu aliomba eksirei ya uti wa mgongo iliyopigwa kwa ubavu. Pingili mbili zilikuwa zimebonyea. Zimevunjika kimyakimya, bila kuanguka wala ajali. Jambo lile linaniuma mpaka leo, ndiyo maana nawaandikia.

Akromegali ni homoni ya ukuaji kuzidi mwilini mwa mtu mzima, na karibu kila mara chanzo ni uvimbe usio saratani kwenye tezi ya pituitari, kijitezi cha ukubwa wa punje ya njegere kilichokaa chini ya ubongo. Homoni hiyo hulisukuma ini litoe IGF-1, homoni nyingine ya kukuza mwili, na hizo mbili kwa pamoja huuchochea mfupa. Mtoto ambaye ncha za mifupa yake hazijafunga hurefuka kupita kiasi. Robert Wadlow wa Marekani alifika sentimita 272, lakini alihitaji vyuma miguuni ili atembee, akafariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22. Mtu mzima harefuki tena: hupanuka taya, paji la uso, mikono na nyayo.

Sasa shikeni hili. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na homoni ikizidi, kazi zote mbili huenda mbio. Ganda gumu la nje linaweza hata kunenepa. Sehemu ya ndani, ile yenye vijumba kama sega la nyuki, ndiyo inayoharibika mpangilio wake, na pingili za mgongo zimejaa sehemu hiyo. DXA hupima madini kwa jumla; haioni sega limekaaje. Tena vichomozo vya mfupa vinavyoota pembeni mwa pingili huongeza namba, majibu yakaonekana mazuri kuliko mfupa wenyewe. Uvimbe ukiibana tezi, homoni za uzazi nazo hupungua, na mfupa hukosa mlinzi mwingine. Kwa hiyo ulizeni kuhusu hedhi na nguvu za kiume bila kuona haya; mgonjwa hatalianzisha yeye.

Na ule mwili uliojaa? Ni kweli mafuta hupungua, hasa ya tumboni, na nyama huongezeka. Lakini sehemu ya uzito huo ni maji, kwa sababu figo hushikilia chumvi. Ndiyo maana pete haivuliki. Misuli huonekana mikubwa huku mwenyewe akikwambia hana nguvu za kupanda ngazi. Mwaminini. Mafuta yanayoyeyushwa humwagika kwenye damu na kuizuia insulini isifanye kazi, hivyo mtu asiye na kitambi anapata kisukari kigumu. Mgonjwa wa namna hiyo akija, mwombeni picha ya kitambulisho cha zamani, mlinganishe na uso ulio mbele yenu. Muulizeni kama namba ya viatu imepanda, kama anakoroma, kama vidole hufa ganzi usiku.

Kwenye maabara, msiombe homoni ya ukuaji ya mara moja tu, maana hutoka kwa mapigo na namba moja haisemi kitu. Anzeni na IGF-1, mkiisoma kwa umri wake. Kumbukeni pia kwamba sukari isiyodhibitiwa, utapiamlo na ugonjwa wa ini huishusha, ikaonekana ya kawaida. Kukiwa na shaka, anywe gramu 75 za glukosi tuone kama homoni ya ukuaji inashuka inavyopaswa, kisha picha ya MRI ya tezi ya pituitari.

Mwandaeni mapema kwa yatakayofuata matibabu. Baada ya upasuaji kupitia puani, pete hulegea upesi na sukari mara nyingi hutulia. Kitambi kitarudi, naye atadhani dawa zimemharibu. Mwelezeni kwamba ni mwili unaorudi kwenye hali yake. Taya haitarudi. Na pingili zinaweza kuendelea kuvunjika hata IGF-1 ikiwa imetulia, hasa kwa aliyekwisha kuvunjika mara moja.

Kwa hiyo siku ya kwanza msimamisheni ukutani, bila viatu, mpime urefu wake na kuuandika juu ya faili. Eksirei ya ubavu iombeni hata kama mgongo haumwumi. Akirudi mwakani amepungua sentimita mbili, rudieni picha siku hiyohiyo, na muulizeni anabeba nini kazini.