Rimoti ya kisimbuzi cha zamani kwenye Raspberry Pi yenye Kodi

Mkuu umeuliza kama rimoti ya kisimbuzi kilichokufa inaweza kuendesha Kodi (programu ya kuchezea video na muziki) kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja). Inawezekana kabisa, ila kwanza jaribu rimoti ya tivii yenyewe, maana tivii nyingi zenye HDMI zina CEC (njia ya kupitisha amri za rimoti kwenye waya wa HDMI), ukiiwasha kwenye setingi za tivii, Kodi inapokea vitufe bila kununua kitu.

Ikigoma, tafuta kipokezi cha mwanga wa rimoti (infraredi) kiitwacho TSOP38238, kina miguu mitatu tu. Ukikiangalia upande wenye kinundu, wa kushoto ni data, unaenda GPIO 18 (pini ya 12 kati ya zile za kuunganishia vifaa kwenye Pi), wa kati graundi, wa kulia umeme wa volti 3.3. Usije ukachomeka kwenye volti 5 aisee, unaweza kuiua Pi.

Kwa LibreELEC (mfumo endeshi wa kuendeshea Kodi) fungua faili la setingi config.txt uongeze dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18 halafu uwashe upya. Ingia kwa SSH (kuandika amri kwenye Pi ukiwa kompyuta nyingine), zima kodi na eventlircd (huduma inayopokea rimoti), andika ir-keytable -p nec -t (nec ni aina ya lugha ya rimoti) ubonyeze vitufe, namba zikianza kumiminika umemaliza kazi ngumu, kilichobaki ni kuandika kila namba na kitufe chake (KEY_UP, KEY_OK) kwenye faili ndani ya /storage/.config/rc_keymaps, kisha kulitaja faili hilo kwenye /storage/.config/rc_maps.cfg. Kama kimya badilisha nec uweke rc-5 au rc-6, maelekezo ya kale ya LIRC (programu ya zamani ya kusoma rimoti) achana nayo, siku hizi kaneli (kiini cha Linux) yenyewe inasoma.

Ukihisi rimoti ndo mbovu, ielekeze kwenye kamera ya simu ubonyeze, kwa simu nyingi utaona taa ndogo inawaka zambarau, kamera ya nyuma isipoonyesha jaribu ya mbele.