Nimerithi kitabu cha Burton cha 1860: nikitengeneze au nikiache?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Marehemu babu yangu alikuwa karani, na ametuachia majuzuu mawili ya The Lake Regions of Central Africa cha Richard Burton, yule mpelelezi Mwingereza. Ukurasa wa jina umeandikwa London, 1860. Kurasa zina madoa ya kahawia, ramani imechanika kwenye mikunjo, na jalada la juzuu la pili limeanza kuachia. Fundi mmoja wa stesheneri anasema atatoa madoa kwa Jik iliyozimuliwa, ramani ataipiga lamineshni, kisha atavalisha majalada mapya ya ngozi. Nimkubalie? Na nitajuaje kama ni toleo la kwanza la kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, na poleni kwa msiba. Usimkubalie, hata kwa moja kati ya hayo matatu.

Nianze na toleo, maana hapo ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Toleo la kwanza lilitolewa London na Longman, Green, Longman, and Roberts, majuzuu mawili. Mwaka huohuo Harper & Brothers wa New York walitoa la kwao kwa juzuu moja, kwa hiyo mwaka 1860 peke yake hautoshi; soma jina la mchapishaji chini ya ukurasa wa jina. Tena siku hizi ziko nakala zinazopigwa picha kutoka kwenye kitabu cha zamani, na ukurasa wa jina hutoka vilevile, mwaka na yote. Hizo utazibaini kwa kidole na lenzi. Shika ukurasa karibu na dirisha, mwanga uupige kwa ubavu. Herufi za madini ya risasi za enzi zile zilikandamizwa kwenye karatasi, na mara nyingi ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa utahisi vinundu vyake. Kisha chukua picha mojawapo ya rangi uitazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Zilichapwa kwa vibao vya mbao, kila rangi na kibao chake, hivyo utaona rangi zimelaliana, na pengine ukingoni moja imepitiliza nyingine kidogo. Ukiona vidoti vimejipanga kwa duara kama petali za ua, hiyo ni kazi ya mashine za zama zetu.

Picha hizo za rangi zinapaswa kuwa 12 katika majuzuu yote mawili, pamoja na ramani moja ya kukunjwa. Zihesabu ukifuata orodha ya picha iliyo mwanzoni. Vitabu vya safari vya wakati ule vimechunwa sana picha zake ili ziwekwe kwenye fremu, na ramani huwa ya kwanza kupotea. Nakala chakavu iliyotimia ina thamani kuliko inayong'aa lakini imepungukiwa.

Sasa kwa fundi. Jik hula nyuzi zenyewe za karatasi. Doa litafifia, lakini dawa iliyobaki ndani itaendelea kuidhoofisha karatasi, na picha za rangi zinaweza kuchuja. Madoa hayo hutokana na kuvu na chembe za chuma zilizomo kwenye karatasi zinapopata unyevu. Maandishi yanasomeka, basi yaache. Dawa yake ni kupunguza unyevu.

Lamineshni ndiyo inayoniuma zaidi. Plastiki huyeyushwa kwa moto ikaingia kwenye nyuzi za karatasi, na hakuna mhifadhi wa vitabu na nyaraka atakayeitoa bila kuiumiza ramani. Selotepu nayo ni hivyohivyo: gundi yake hugeuka manjano na kuzama. Mpasuko wa kwenye mkunjo huzibwa kwa nyuma, kwa ukanda mwembamba wa karatasi ya Kijapani ya nyuzi za mforosadi na gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa. Ukanda huchanwa kwa mkono, haukatwi kwa mkasi, ili nyuzi za ukingoni zishikane na za ramani. Kisha hukaushwa chini ya uzito katikati ya karatasi za kufyonza maji. Sifa yake kubwa ni kwamba kesho ukitaka kuutoa, unaulowesha kidogo unaachia. Mwachie kazi hiyo mhifadhi aliyesomea. Kwa sasa ipige ramani picha mara moja, ikunje kwa mikunjo yake ya zamani, usiifungue tena.

Jalada usilibadilishe. Kama bado ni lile la kitambaa la wachapishaji, ni sehemu ya kitabu na sehemu ya bei yake. Lifunge kwa utepe mpana wa pamba, kisha weka kila juzuu kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi. Kwa hali ya hewa ya Tanga, weka kabatini mbali na ukuta wa nje, na nunua kipimo kidogo cha unyevu: lenga asilimia 50 hivi, maana ikizidi 65 kuvu hupata nafasi. Usitie naftalini, wala usikifungie kwenye sanduku la bati. Ukiona vumbi la wadudu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliozibwa, kikae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, kisha usiufungue mfuko mpaka kitabu kirudi kabisa kwenye joto la chumba.

Kama babu aliandika chochote pembezoni kwa penseli, usikifute. Burton aliwadharau waziwazi watu waliomfikisha Ujiji mwaka 1858, lakini kitabu hichohicho kimejaa habari zao: Sidi Mubarak Bombay aliyekuwa kwenye msafara wake, wapagazi, biashara ya vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga, njia nzima ya Kazeh (Tabora ya leo). Alama ya msomaji wa huku kwetu kwenye kurasa hizo kwangu ni hazina.

Jambo la mwisho, kagua mihuri. Ukikuta wa maktaba usio na muhuri mwingine wa kuondolewa, waandikie maktaba hiyo kabla ya kumwonyesha mnunuzi yeyote.