Wastani unapanda, wanafunzi wanapungua
Umeuliza namba za matokeo ya mitihani ya shule zina ubaya gani kama zinawafanya walimu wajitume. Namba zenyewe hazina ubaya, kaka. Shida huanza zikigeuzwa fimbo. Enzi za orodha ya shule kumi bora, baadhi ya shule binafsi zilikuwa zikiwakaririsha darasa au kuwahamisha wanafunzi wasiofikia wastani wa shule, wasije wakaharibu matokeo ya kidato cha nne. Wastani unapanda, na hakuna aliyefundishwa vizuri zaidi! NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, iliacha kutangaza shule na watahiniwa bora Januari 2023. Kwangu ilikuwa sahihi, ingawa mabango ya shule yanayojisifu kwa daraja la kwanza bado yapo. Ukitafuta shule, uliza walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofika kwenye mtihani wangapi.