Nilikimbia ndoo, nimeikuta Rondane

*Mama Msafiri anajibu barua zenu*

Shikamoo Mama Msafiri. Mimi ni kijana wa Makete, nasoma Oslo, Norwe, mwaka wa pili. Wenzangu darasani wamenialika kwenye kibanda cha mlimani huko Rondane, siku tatu mwishoni mwa Septemba. Nikauliza kuna nini huko. Wakajibu kwa furaha kabisa: hakuna umeme, hakuna bomba, choo kiko nje. Mama, hayo si ndiyo niliyoyakimbia? Nimechota maji tangu darasa la pili. Nilipe nauli nikachote tena? Nikikataa wataona naringa? Na nikienda, nibebe nini?
*Mkinga wa Oslo*

Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Barua hii ningeweza kuiandika mimi mwenyewe, enzi zile nahudumia wazee kwenye mji mdogo karibu na Lillehammer. Mwenzangu wa zamu alinialika hivyo hivyo, tena Rondane hiyo hiyo. Nilikwenda nimenuna.

Nenda. Hao wenzako maji ya moto wanayo mwaka mzima, kwa hiyo ndoo kwao ni mchezo wa baba na mama, ila wanaucheza watu wazima. Wewe cheka nao, chota, utawashinda.

Vibanda vingi vya huko ni vya chama cha wapanda milima kiitwacho DNT, kilichoanzishwa mwaka 1868. Kina vibanda zaidi ya 500 nchi nzima. Vingine vina wahudumu na chakula cha mezani, vingine havina mtu, na mwanachama hubeba ufunguo mmoja unaofungua vingi vya namna hiyo. Hao wenzako wanakupeleka kwenye hivi vya pili.

Kilichonishangaza mimi hakikuwa choo. Kilikuwa stoo. Unafungua mlango unakuta rafu za makopo, supu za unga, mikate mikavu, kahawa, na karatasi ya bei ukutani. Hakuna muuzaji. Unachukua, unajiandikia ulichokula na usiku uliolala, unalipa. Nilisimama pale na kopo la matunda mkononi nikitazama nyuma yangu kama mwizi, natafuta nani atanihesabia. Hakuna. Nikaandika kopo moja, kisha nikarudi kuandika na vipande viwili vya mkate mkavu nilivyokwisha kula njiani kuelekea mezani.

Sasa jiko. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo nilipoaibika. Mtu wa mafiga matatu kama mimi nikajisemea, moto nimezaliwa nao, Mzungu atanifundisha nini? Nikapanga kuni, nikawasha, baada ya dakika mbili chumba kizima moshi, watu wanakohoa. Mzee mmoja aliyekuwa anakausha soksi akainuka bila kusema neno, akafungua mlango, akavuta kijikono kwenye bomba la moshi. Ndani ya bomba kuna kibati cha kuzibia, nami nilikuwa sijakifungua. Akarudi kwenye soksi zake. Afadhali angenisema.

Mkiondoka mtafagia, mtaosha vyombo, mtapasua kuni na kuziingiza ndani. Atakayefika usiku amelowa asianze kutafuta shoka. Na mkikuta vitanda vimejaa msiogope, hafukuzwi mtu, mtalala kwenye magodoro sakafuni.

Baridi ya Makete unaijua, lakini upepo wa Rondane hujaujua. Mwisho wa Septemba theluji inaweza kuanguka. Usivae jinzi wala fulana ya pamba. Jinzi yangu ililowa Ijumaa nikarudi nayo mjini Jumapili bado mbichi. Vaa sufu inayogusa mwili, juu yake koti la kuzuia upepo na mvua. Soksi za sufu jozi tatu. Tochi ya kichwani, kwa ajili ya choo. Shuka lililoshonwa kama mfuko, maana blanketi utazikuta lakini si za kulalia mwili mtupu. Na beba unga wa mahindi kilo moja. Jiko la gesi lipo, sufuria zipo. Ugali na supu ya kopo baada ya kutembea saa sita, utanikumbuka.

Njiani fuateni herufi T nyekundu zilizopakwa kwenye mawe. Rondane ina vilele kumi vinavyozidi mita 2,000, kirefu kuliko vyote ni Rondslottet, mita 2,178, na vijana wenzako watatamani kukipanda hata ukungu ukishuka. Wanorwe wana kanuni tisa za mlimani, zilizotiliwa mkazo baada ya Pasaka ya 1967, watu 18 walipokufa. Ya nane inasema geuka mapema, kugeuka si aibu. Wote wameikariri tangu utotoni. Ukiona wameisahau, wakumbushe wewe mgeni.

Mama Msafiri, mwanangu yuko Trondheim, huko huko Norwe. Ananiambia analala kwenye hema porini, ardhi ya watu, bila kuomba wala kulipa. Naogopa atafungwa.
*Mzazi, Mombasa*

Hafungwi, dada yangu. Sheria yao ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa, hata ikiwa ya mtu binafsi. Masharti: hema liwe mita 150 au zaidi kutoka nyumba au kibanda cha watu, na asikae zaidi ya siku mbili mahali pamoja bila ruhusa, isipokuwa mlimani juu au mbali sana na makazi. Shambani haruhusiwi. Muulize jambo moja tu, kama huwasha moto. Kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba moto wa nje msituni au karibu na msitu umekatazwa, na hilo ndilo la kumpigia simu leo.